Marehemu Yuko Sauna

Wiki jana mliniacha pabaya: simu ya marehemu mume wangu iko mkononi mwangu, na yule binti wa benki, upande wa pili, ananiuliza kwa adabu zake zote, "Bwana Kivela yupo?"

Nikamjibu kama nilivyokuwa nikimjibu siku zote.

"Yuko sauna."

Reijo hakuwa sauna. Reijo alikuwa makaburini. Alikufa theluji ikiwa imefika madirishani, akawekwa kwenye chumba cha baridi cha makaburi mpaka ardhi ilipolegea, ndipo tukamzika. Hata kuzikwa alisubiri, yeye aliyependa kusubiri.

Kwa wageni wa leo: naitwa Eila Kivela, mpishi katika nyumba ya wazee hapa Thunder Bay. Nyumba yetu na mkopo wake vyote viko kwa jina la mume wangu peke yake, maana alipovisaini mimi nilikuwa bado nagombania talaka na mume wangu wa kwanza. Siku ya kahawa ya matanga, shoga yangu Helvi alinivuta nyuma ya mlango wa jiko la kanisa.

"Eila, benki usiwaambie."

"Nisiwaambie nini?"

"Kwamba amekufa. Wakijua tu, wanadai deni lote kwa mpigo. Binamu yangu alitolewa nje pamoja na makochi yake. Wewe weka pesa kwenye akaunti yake kila mwezi, kaa kimya. Wale wanaangalia pesa, hawaangalii sura."

Nikakaa kimya. Hivyo ndivyo nilivyomfufua mume wangu, na sikujua kwamba mtu aliyefufuliwa ana gharama zake.

Simu yake nikaendelea kuilipia, ili benki wakipiga nipokee mimi. Na kwa nini sauna? Kwa sababu sisi Wafini mtu akiwa sauna haitwi. Akiwa ndani ya ule mvuke, hata moto ukiwaka kwa jirani atasubiriwa amalize. Mjini kwetu hata asiye Mfini analijua hilo, kwa hiyo uongo wangu ulipita bila kuulizwa swali.

Sasa tuje kwenye riba, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Baridi ilipopasua msingi wa nyumba, Reijo alikopa upya ili aukarabati, na alikopa mwaka ule ule riba ilipokuwa juu kuliko wakati wote wa ndoa yetu. Mkataba ukamfunga miaka mitano. Ukiuvunja kabla ya muda, unalipa faini. Basi kila asubuhi, kahawa mkononi, mume wangu alisikiliza habari za riba redioni kama wengine wanavyosikiliza habari za hali ya hewa.

"Imeshuka," namwambia. "Tukope kwa riba hii mpya tulipe lile deni la zamani, tupumue."

"Bado. Faini itakula faida yote. Ngoja ishuke tena kidogo."

Ikishuka, anasema bado. Ikipanda, anasema si unaona, nilikwambia. Akafa akingoja.

Marejesho yale tulikuwa tukiyabeba wawili. Peke yangu yananila zaidi ya nusu ya mshahara. Nimeuza gari lake, nimeuza mashua yake, nimeuza bunduki yake ya kuwindia. Kilichobaki ni nyumba, na nyumba nayo nilikuwa naiona inaondoka. Baridi moja zaidi kwa riba ile, basi.

Na mimi nyumba ile siwezi kuiacha. Sauna yake aliijenga baba mkwe kwa mikono yake, imeegemea ukuta wa jikoni, ukiosha vyombo unasikia maji yakilia juu ya mawe ya moto upande wa pili. Reijo alizaliwa mle ndani, maana mama zao walikuwa wakijifungulia sauna, mahali pa joto na pasafi. Nikiambiwa nitoke, nitakuwa namwacha mle.

Turudi kwenye simu.

"Mama, bwana wako ataiva," yule binti akacheka. Anaitwa Marisol, yuko Toronto, ana sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. "Kila nikipiga yuko sauna."

"Anaipenda."

"Basi mwambie hivi. Riba imeshuka vya kutosha. Nimempigia hesabu, hata ukitoa faini bado anafaidika. Naweza kumshikia riba hii, lakini kwa muda mfupi tu. Ikipita hapo, sina uwezo. Muda wa kuamua ndio huu, mama. Asingoje tena."

Neno lile lilinichoma.

"Nitamwambia," nikasema.

"Ila lazima niongee naye mwenyewe, kwa sauti yake. Halafu atasaini mbele ya shahidi tutakayemtuma nyumbani kwenu."

Nilikata simu, nikaketi sakafuni.

*

Sasa ndipo anapoingia shemeji yangu Taisto.

Taisto ni mdogo wake Reijo. Amepishana naye kidogo tu umri, na sura hawakupishana kabisa. Sauti ndiyo usiseme. Enzi za uhai wa Reijo, Taisto akipiga simu mimi namuuliza atanunua maziwa saa ngapi, nikidhani ni mume wangu. Anaishi ng'ambo ya mto, alikuwa na gari la kusukuma theluji barabarani, likachukuliwa na waliomkopesha. Tangu hapo anakuja kwangu kunywa kahawa na kulaumu serikali.

Nilimweleza. Sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu mwingine aogope pamoja nami.

Hakuogopa. Alimega mkate wa iliki, akatafuna taratibu.

"Shemeji, mbona jambo dogo hili? Wanataka sauti ya Reijo. Ninayo."

"Acha utani, Taisto."

"Nani anatania? Leseni yake ya udereva unayo?"

"Ninayo."

"Picha ya leseni mimi sifanani nayo?"

Nikamtazama. Mungu wangu, alifanana nayo.

Jamani, msinihukumu haraka. Mjane aliyebanwa ukutani hufikiri kwa tumbo. Nilimpa leseni, nikampa simu.

Alimpigia Marisol mbele yangu, akaweka spika mezani. Kabla hajaongea alikohoa. Kikohozi cha Reijo, kile kikavu cha mara mbili. Nywele zilinisimama.

"Kivela hapa. Nasikia mnanitafuta."

"Bwana Kivela! Leo umetoka sauna!"

"Nimefukuzwa na mke wangu."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilishika kingo za sinki.

"Samahani, lazima nikuulize maswali ya usalama. Jina la ukoo la mama yako kabla hajaolewa?"

Taisto akanikonyeza. Mama si mmoja? Hapo hata hakudanganya. Akataja jina la mama, akataja tarehe ya kuzaliwa ya kaka yake, akataja mtaa, na kila alipojibu Marisol alisema "sawa kabisa", na kila aliposema "sawa kabisa" mimi nilizidi kupoteza mume.

Kisha nikasikia jambo ambalo hatukupanga.

"Na kwa kuwa tunakopa upya," Taisto akasema, "tuongeze kidogo juu. Paa linavuja."

"Kiasi gani, bwana?"

Alitaja kiasi ambacho ungeezeka nacho kanisa.

Alipokata simu nilimrukia. "Paa gani linalovuja?"

"Shemeji, hatari naibeba mimi. Nisipate hata cha tumbaku?"

"Hicho ni cha tumbaku au ni gari la theluji?"

"Hata hivyo utalipa kidogo kuliko unavyolipa sasa. Unalia nini?" Akajinyoosha kwenye kiti cha Reijo, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu matanga. Kisha kwa sauti ile ile, bila kutabasamu, akasema, "Kahawa ipo, dhahabu yangu?"

Mtu mmoja tu duniani aliniita dhahabu yangu.

"Usirudie," nikamwambia.

"Nazoea tu, shemeji. Siku ya kusaini nisije nikajikwaa."

Alirudia. Kila alipokuja alirudia. Akaanza kuchana nywele upande wa Reijo. Akaanza kupiga mlango wa friji kwa goti, kama Reijo. Siku moja nilirudi kazini nikamkuta amevaa sweta lake la kijivu, anaosha kikombe, kanipa mgongo, na moyo wangu, mjinga huu, ukaruka kwa furaha kabla haujajua ni nani. Ile furaha ndiyo iliyonitisha kuliko yote.

*

Jumamosi iliyotangulia siku ya kusaini niliwasha sauna kama kawaida yangu. Najua mnachofikiri. Mjane anawasha moto mkubwa vile kwa ajili ya nani? Lakini Jumamosi bila sauna kwetu si Jumamosi, na nilikuwa bado namtandikia taulo lake.

Kuna desturi. Mkimaliza kuoga hamzimi moto na kuondoka tu. Kata ya mwisho ya maji mnaimwaga juu ya mawe, mnafunga mlango, mnamwachia mvuke huo mwenye sauna, yule asiyeonekana anayeilinda. Baba mkwe alimwachia, Reijo alimwachia. Mimi, tangu tumzike, namwachia Reijo.

Siku hiyo nilikaa kwenye benchi la chini. La juu lilikuwa lake. Nikamuuliza kwa sauti, kama chizi.

"Reijo. Nisaini au ningoje? Riba imeshikwa, muda unaisha. Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya, hebu sema mara moja usinizungushe."

Mawe yalikaa kimya. Nikamwaga kata ya mwisho, nikatoka, nikafunga mlango. Nilikuwa jikoni nachemsha viazi niliposikia, kupitia ukutani, maji yakimwagwa tena. Tssss. Ule mlio ambao hauwezi kuufananisha na kingine.

Nilifungua mlango wa sauna. Hapakuwa na mtu. Kata, ambayo huwa naiacha ndani ya ndoo, ilikuwa juu ya benchi la juu, na mbao za benchi lile zilikuwa zimelowa.

Taisto nilimpigia simu papo hapo. "Umeingia kwangu leo?"

"Mimi? Niko kwa kinyozi, shemeji." Nyuma yake nikasikia mashine ya kunyolea. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Niliogopa, sitaficha. Na chini ya woga kulikuwa na kitu kingine ambacho ni aibu kukisema: niliona raha. Kumbe hajaondoka.

*

Siku ya kusaini, asubuhi, Marisol alipiga.

"Mama, shahidi atafika mchana, anaitwa Coreen Michano. Kila kitu tayari. Limebaki jambo moja dogo tu, nilitaka bwana mwenyewe anithibitishie. Ile bima."

"Bima gani?"

"Bima ya maisha juu ya mkopo. Ameilipia miaka yote, iko ndani ya marejesho yake. Mkopo mpya ukishasainiwa, ile ya zamani inafutika, na kwa umri wake wa sasa ya mpya itakuwa ghali. Wengi huiacha. Naye aiache?"

Niliketi. "Mwanangu, nieleze kama mtoto. Hiyo bima inafanya nini?"

"Mwenye mkopo akifariki, bima inalimaliza deni lote."

"Lote?"

"Lote, mama. Mjane anabaki na nyumba yake, hadaiwi hata senti."

"Na benki hawamtoi nje?"

"Nani kakwambia hayo?" Alishangaa kweli. "Mjane anatupigia simu, analeta cheti cha kifo, basi. Nyumba ni yake."

Helvi, Helvi, Helvi. Nyuma ya mlango wa jiko la kanisa, na kahawa ya mume wangu mkononi.

Mwaka mzima nilikuwa nalipa deni lililokufa na mwenyewe. Niliuza gari, mashua, bunduki, nikala viazi vya wazee vilivyobaki sufuriani, nililipia simu ya marehemu ili nimfiche kwa watu ambao wangenifutia kila kitu kama ningesema maneno mawili tu. Na leo mchana saini moja ingeizima bima ile.

Hapa ndipo pa kusema, nikajiambia. Sema sasa hivi. Binti ni mwema, atakusaidia.

"Mama? Upo? Bwana Kivela yupo karibu nimuulize?"

Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema wenyewe, kwa mazoea yake.

"Yuko sauna."

"Haya, basi atamwambia Bi. Michano." Akacheka, akakata.

*

Nilitoka mbio jikoni na kukuta moshi. Bomba la sauna lilikuwa linafuka, na haikuwa Jumamosi. Taisto alikuwa kwenye kijia kifupi kilichoezekwa, kinachotoka mlango wa jikoni hadi mlango wa sauna, amebeba kuni, amevaa joho la bluu la kuogea la Reijo.

"Unafanya nini?"

"Si umewaambia yuko sauna? Basi shahidi akija aone moshi."

"Taisto, weka kuni chini. Hatusaini." Nikamweleza yote, bila kuvuta pumzi. Bima, deni, cheti cha kifo. "Lilikufa naye! Kesho nawapigia nawaambia ukweli, yameisha."

Hakushangaa.

Nilimtazama vizuri, na nikaona kwamba hakushangaa hata kidogo. Alikuwa anapanga kuni kwenye mkono wake.

"Ulijua," nikasema.

"Alinitajia zamani. Sikuweka maanani."

"Ulijua, ukaniacha nije mpaka hapa?"

"Deni likifutwa, mimi napata nini, shemeji?" Alisema bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia. "Lile gari ndilo maisha yangu. Baba aliwaachia nyinyi nyumba. Mimi aliniachia shoka."

"Mchana huyo mama akija, namwambia."

"Mwambie. Lakini simu zao zinarekodiwa, unajua? Wewe umemweka sauna mwaka mzima. Mimi nimetaja jina la mama. Bima gani italipa watu kama sisi? Polisi ndio watakuja, tena wataanza na wewe, maana faida ya nyumba ni yako."

Lakini kuna mahali mtu akifika haogopi tena, anachoka tu.

"Waje," nikasema. "Nimechoka kuishi na mume ambaye siruhusiwi hata kumlilia."

Taisto akaingia sauna na kuni zake, akajifungia. Nikadhani nimemshinda.

*

Coreen Michano alifika theluji ikianza kudondoka. Alikuwa mama wa makamo, kofia ya manyoya, mkoba wa makaratasi. Alivua viatu mlangoni, akaja mezani na soksi zake nene, akanusa hewa.

"Mkate wa iliki! Bibi yangu alikuwa na jirani Mfini, akituokea huu."

"Karibu, dada. Kahawa?"

"Nyeusi. Bwana yupo?"

Ulimi wangu ukajipinda kwa jibu lake la kila siku. Naapa niliuhisi ukienda huko wenyewe. Nikauma meno. Nikashika mgongo wa kiti cha Reijo kwa mikono miwili.

"Dada, kaa kwanza. Kuna jambo lazima nikuambie kabla hujatoa hizo karatasi."

Akakaa.

"Mume wangu..." Nikaanza upya. "Reijo amekufa."

Sikuwahi kuyasema maneno hayo. Siku ya msiba waliyasema wengine, daktari, mchungaji, Helvi kwenye simu zake. Mimi niliyameza, halafu nikaanza kazi ya kumficha, na sikuyatema tena. Sasa yalipotoka, machozi yakafuata, mengi, ya mwaka mzima, na ndani ya machozi hayo nikahisi kifua changu kinafunguka. Nililia mbele ya mgeni kama mtoto na sikuona haya.

Coreen alinishika mkono. "Pole, mama. Pole sana. Amekufa lini?"

Mlango wa kijia ukafunguka.

Joto la mvuke liliingia jikoni kabla yake. Akaingia yeye, joho la bluu, uso mwekundu, nywele zimelowa zimechanwa upande ule. Akakohoa mara mbili.

"Nani tena amekufa, dhahabu yangu?"

Nilipiga kelele. Kwa nukta moja, nawaambia ukweli wangu wote, niliamini.

"Usiogope, dada," Taisto akamwambia Coreen, akiniwekea mkono wa moto begani. "Mke wangu ametoka hospitali juzi. Dawa zinamchanganya. Wiki jana alisema mdogo wangu Taisto ndiye amekufa."

"Huyu ndiye Taisto!" nikasema. "Huyu si mume wangu! Muulize!"

"Unaona," akasema kwa huzuni. Hata huzuni ilikuwa ya Reijo.

Coreen alinitazama, akamtazama. Niliona uso wake ukihama, taratibu, kutoka upande wangu kwenda upande wa Taisto. Akauachia mkono wangu.

"Samahani, bwana. Leseni yako ya udereva?"

Taisto aliitoa mfukoni mwa joho. Coreen akaiinua, akailinganisha na ule uso uliolowa. Picha, mtu. Picha, mtu.

"Ni wewe kabisa," akasema. Akanigeukia kwa sauti ile tunayoongea nayo na wazee wangu kule kazini. "Kaa, mama. Kunywa maji. Haitachukua muda."

Akatandaza karatasi mezani, akampa kalamu. Taisto akaketi kwenye kiti cha Reijo na kuinama. Nikaiona kalamu inagusa karatasi, inaanza kuzungusha herufi ya kwanza ya jina la mume wangu. Nyumba, bima, kila kitu, vilikuwa pale kwenye ncha ya kalamu ile, na mimi nimekaa kama nilivyoambiwa.

Tssss.

Kalamu ikasimama.

Mlio ulikuwa mrefu, umejaa, kata nzima ya maji juu ya mawe ya moto, kule upande wa pili wa ukuta. Kisha mbao zikalia, kama mtu mzito anapopanda benchi la juu na kujiweka sawa.

Uso wa Taisto ulikuwa mwekundu. Ukawa kijivu. Sauti ilipomtoka haikuwa ya Reijo tena, ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba.

"Nilifunga mlango," akanong'ona. "Eila, mle hamna mtu."

Coreen aliiweka leseni chini polepole. Akatazama ukuta, akamtazama Taisto, mwisho akanitazama mimi, na safari hii alinitazama kama mtu mwenye akili zake.

"Mama," akasema, "nani yuko sauna?"

Nilifuta machozi.

"Mume wangu," nikamjibu.